Makubadhi ya Nana Ampem

Jumatano, 5 Juni
Leo nimeuokoa mji! Mjomba wangu, Nana Ampem, chifu wetu, alikuwa anaelekea barazani, kubadhi la kushoto likamchomoka. Wala hakujua! Mguu mtupu wa chifu ukigusa ardhi ni mkosi: kondoo achinjwe, aibu mpaka vijiji vya jirani. Nikaruka, nikatandika kiganja changu chini. Akakanyaga. Mzigo ule! Kubeba makubadhi ya chifu si kazi ya wajinga.

Sintim, mbeba mwavuli wa chifu, akacheka. Ati Jumapili, sherehe ya Akwasidae, nitaumbuka hadharani na kazi yangu atapewa yeye. Nikamwambia ashike mwavuli wake vizuri, jua limeshamwingia kichwani.

Alhamisi, 6 Juni
Muuguzi Serwaa kaja. Kamchoma Nana nyayo kwa kijiti. Nana akauliza ataanza lini. Kumbe ameshamaliza!

Serwaa akasema sukari imeharibu mishipa ya fahamu, na presha inazidi kuimaliza, maana inaumiza vijishipa vya damu vinavyoilisha. Ndiyo ganzi hiyo. Basi ameze dawa za presha, aache samaki wa chumvi. Nana akajibu kwamba haumwi popote, sasa dawa ya nini? Serwaa akanigeukia: dogo, kagua nyayo zake kila jioni. Nikaitikia. Akili yangu ilikuwa kwenye tyubu ya baiskeli.

Jumapili, 9 Juni
Ushindi! Nilikata tyubu, nikaufunga nayo mguu wa Nana pamoja na kubadhi, kwa nguvu, vazi lake refu likaficha. Ngoma zikalia. Nana akacheza, akazunguka, kubadhi halitikisiki! Sintim kanuna hadi mwavuli ukapinda. Mimi shule niliacha darasa la sita, akili sikuacha.

Kukagua nyayo? Nimechoka. Kesho.

Jumatatu, 10 Juni
Balaa! Jana nilichomoa makubadhi, mpira wa tyubu nikausahau mguuni. Nana kalala nao. Mguu umevimba kama boga, mpira umechimba kidonda, naye anakunywa uji, ananiuliza nalia nini.

Serwaa akaja mbio. Presha juu kupindukia. Akasema tungezidi kuchelewa, mguu ungekatwa. Chifu mwenye kilema hakai kwenye kiti cha uchifu, kila mtu anajua. Nana akautazama mguu wake kama wa mtu mwingine. Akaomba maji, akameza kidonge bila kubishana. Kisha akasema, kwa upole, makubadhi apewe Sintim.

Sintim!

Ijumaa, 14 Juni
Nabeba mwavuli. Sintim anakagua nyayo asubuhi na jioni, Serwaa anamsifu, kichwa kimemvimba kuliko mguu. Lakini presha ya Nana inashuka, na kidonda kikipona atatoka tena barazani. Hapo ndipo watanitambua. Tyubu ilikuwa kosa, nakubali. Fundi viatu amenionyesha gundi yake: ikishika ngozi, haibanduki.

Na uzuri wake, Nana hatasikia kitu!