Siku Tharcisse Alipoufuta Wakati

Tharcisse, mtoto wa dada yangu, aliufuta wakati siku ya Jumamosi, hapa hapa Bunia. Nusura kazi hiyo imgharimu mke.

Zamani kule Bule, siku ya mahari, mbuzi walifika kwa mkwe kabla umande haujakauka, na mchumba nyuma yao, macho chini. Saa za mkono hatukuwa nazo. Tulikuwa na aibu, nayo haikuchelewa hata siku moja.

Sasa tuna simu. Tulialikwa saa nane mchana kwa Papa Marcellin, baba yake Bibiane, msichana aliyeposwa na Tharcisse. Huko chakula hakifunuliwi mpaka mchumba akabidhi mbuzi. Basi tukakaa, sisi wazee wa upande wa Tharcisse, tukinusa sombe ya majani ya muhogo na samaki wa Tchomia mpaka mate yakatuishia.

Jua linazama, Tharcisse akashuka kwenye pikipiki, suti ya bluu, vumbi mpaka kwenye kope. Mbuzi hakuna.

"Weye unatoka wapi?" nikamwuliza, mimi mjomba wake. "Baba ya watu iko anakungojea tangu saa nane."

"Noko, usisumbuke na saa," akajibu kwa sauti ya kusikika barabarani. "Fizikia imeisha kuonyesha: wakati haiko. Jana, leo na kesho iko pamoja, sawa Komanda, Bunia na Tchomia. Ukiwa Bunia, Komanda haijakufa."

Papa Marcellin akasikiliza mpaka mwisho. "Na mbuzi?"

"Zinakuja kesho, Papa. Lakini kesho iko tayari. Kwa fizikia, mbuzi zimeisha kufika."

Nikatazama uani. Fizikia haikulia mee.

"Vizuri," akasema Papa Marcellin, akamgeukia mkewe. "Mama Adèle, rudisha chakula ndani. Mukwe wetu amekula kesho, ameshiba."

Sufuria zikaondoka. Sisi ambao hatukufuta kitu tukazisindikiza kwa macho.

Hapo Bibiane akatoka nyuma ya pazia, jambo ambalo bibi yangu angelilia wiki nzima.

"Tharcisse, iko unangojea nini? Tuliisha kuachana."

"Lini?"

"Kesho."

Tharcisse akapauka. "Bibiane, kesho haijafika! Ningojee!"

"Ah," akasema Papa Marcellin. "Wakati imerudi."

Akamwonyesha jiwe nje ya lango, alikalie mpaka mbuzi wafike. Walipofika asubuhi, umande haujakauka, tulimkuta hapo hapo, suti imelowa, macho chini kama mchumba wa Bule.

Mahari ikapokelewa. Kabla ya kufunua sombe, Papa Marcellin akamwuliza kama ana neno lolote la fizikia.

"Sina, Papa," akasema Tharcisse. "Niko na njaa tangu jana."