Kifungu cha Mkeka

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Mvua. Nimemaliza kitabu kikuukuu nilichonunua sokoni Marolles: maisha ya daktari mmoja wa milima ya Ardennes, hapa Ubelgiji, miaka ya 1860. Alitibu wakulima bila malipo, akipanda farasi kwenye theluji. Kisha akawaomba kura. Bungeni alipinga reli, alipinga shule mpya, alipinga hata taa za barabarani. Akachaguliwa mara sita!

Mimi pia nilikuwa daktari wa mashamba, miaka kumi na moja, Nyanza-Lac, kwetu Burundi. Hapa Brussels vyeti vyangu havikukubaliwa. Niliosha chupa za maabara hadi kustaafu. Tarehe 19 Umoja wetu wa Warundi unachagua mwenyekiti. Nagombea. Nataka kuitwa Daktari tena kabla sijafa. Nimempelekea mke wangu Mwanakombo habari hiyo jikoni. Ameuliza kama mwenyekiti hushusha takataka.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimezunguka Schaerbeek na kipimo cha presha mkobani. Nyumba sita, zote juu ghorofani, lifti hakuna. Kila mtu ameahidi kunipigia kura. Kila mtu amemwahidi Zaituni pia. Huyu ndiye mpinzani wangu. Anahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunza, mtaa wa Forest, na anajua magoti ya wanachama wote kwa majina.

Habari ya msiba: shangazi yake Ilyas, mwanachama mwenzetu, amefariki Bujumbura, miaka tisini na miwili. Mungu amrehemu. Matanga yanaanza Ijumaa kwa Ilyas, Saint-Josse.

Jioni, kikao cha kamati. Nimesema hapa matanga yamekuwa ya saa mbili, mtu anaomboleza na koti mwilini. Kwetu ilikuwa siku tatu, chini. Nikapendekeza kifungu kipya cha katiba yetu: mgombea awe amekaa matanga haya siku tatu kamili, mkekani, si kitini. Wazee wameguswa. Kimepita! Zaituni ana zamu kazini. Hawezi kukaa siku tatu popote.

Ijumaa, 10 Oktoba
Zaituni amekuja na blanketi. Ameomba likizo. Sikulitarajia hilo.

Mkeka mwembamba, sakafu baridi. Nimepima presha za waombolezaji kumi na wanne, kimyakimya, chini ya shuka. Ilyas ameniomba kwa upole ningoje dua iishe.

Jumapili, 12 Oktoba
Naandikia kitandani. Jana mchana, siku ya pili, nilisimama kwenda kutawadha, chumba kikazunguka. Zaituni alitoa kipimo mkobani mwangu bila ruhusa, akanifunga mkono. Akatazama, akatazama tena.

“Papa Sultani, uko dix-neuf sur onze. Alors, mugonjwa wa hapa ni weye.” Yaani 190 kwa 110.

Akaniweka kitini. Kitini! Kisha akaniita teksi, akanifunika blanketi lake. Yeye leo amemaliza siku ya tatu. Nimekisoma kifungu mara nne. Hakisemi neno kuhusu wagonjwa. Nilikiandika mwenyewe, kwa uangalifu mkubwa.

Jumapili, 19 Oktoba
Mkutano mkuu. Nimeshuka ngazi nikishikwa na Mwanakombo. Katibu alisoma kifungu, akafuta jina langu.

Ndipo Zaituni akasimama. Akapendekeza kifungu kibadilishwe: mgonjwa aruhusiwe kiti, na siku alizokosa zihesabiwe kama amekaa.

“Mie sitaki kumushinda muntu sababu ya presha,” alisema. “Arudishwe jina, tushindane vizuri.”

Mikono ikahesabiwa. Kumi na wanne wanakubali, kumi na wanne wanakataa. Nilibaki mimi tu. Zaituni alinitikisia kichwa, kunitia moyo. Mwanakombo alinibana ubavuni. Nilimwaza daktari wa Ardennes akiipinga reli. Kama kanuni yenye siku kumi na moja haiheshimiwi, kitabaki nini cha wazee wetu?

Nikainua mkono. Nakataa.

Zaituni amepita bila mpinzani. Mlangoni watu walinishika mkono mmoja mmoja: pole, Daktari, ugua pole, Daktari. Sikuwasikiliza sana. Nilikuwa nawaza.

Jumanne, 21 Oktoba
Presha bado juu. Daktari wa hapa, kijana mwenye viatu vya mbio, amenikataza kutoka nyumbani wiki tatu. Nafuu. Nimepata utulivu wa kuandika.

Kosa langu limeonekana: kifungu kilikuwa chepesi mno. Hiki kipya hakina mwanya. Mwenyekiti, au yeyote anayeutaka uenyekiti, akikosa mkutano mmoja kwa sababu yoyote, hata ugonjwa, jina lake lifutwe kwa miaka minne. Kianze kutumika kwenye mkutano wa Jumapili hii. Jumapili hii Zaituni ana zamu!

Mwanakombo ameuliza nani atakisoma mkutanoni. Nimemwambia atakisoma yeye. Akauliza mimi nitakuwa wapi saa hiyo. Hapa kitandani, nimemjibu, wapi kwingine? Ameichukua karatasi, akaenda kuchemsha chai.