Doa Mlangoni pa Hekalu

Jumanne, 22 Oktoba 2024
Shajara yangu, hujambo? Umeamkaje na joto hili la Tabora? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Na nimepata kazi! Mama Bhavesh wa duka la vitambaa kaniletea studio picha ya kale: hekalu la kwao India, mawe yamechongwa tembo, maua, wachezaji. Ya enzi za mpiga picha kujifunika kitambaa cheusi. Hakuna nyingine, hekalu lenyewe liliangushwa na tetemeko. Niikuze, itundikwe Diwali, sikukuu yao ya taa, Alhamisi ya wiki ijayo. Kanichagua mimi, si Mabruki wa studio ya pili! Mabruki kasema mie bingwa wa pasipoti tu, masikio yote mawili yaonekane. Ataona.

Jumatano, 23 Oktoba
Mlangoni pa hekalu pana doa jeupe, kama moshi. Uchafu! Nikasali kidogo, nikashika pamba yenye maji na wembe. Limetoka lote. Mabruki kwisha.

Ijumaa, 25 Oktoba
Yesu na Maria! Bhavesh, mwanawe yule mama, kapita kusalimia. Eti nihakikishe babu anaonekana vizuri. Babu yupi? Yule mweupe mlangoni! Kamera za zamani zilikuwa za polepole. Asiyetulia alitoka moshi. Ndiye aliyechonga mlango ule, hakuacha kupangusa vumbi hata akipigwa picha. Kila Diwali mama humvika shada la maua. Sura nyingine hana. Nikacheka kwa nguvu. Nikaifunika picha.

Jumamosi, 26 Oktoba
Njia ipo. Nimejifunga shuka jeupe, nikajipiga picha ya polepole nikiyumbayumba mlangoni pa stoo. Moshi safi! Nimeubandika kwa kompyuta. Mungu anaijua nia yangu.

Jumatatu, 28 Oktoba
Mama Bhavesh kaitazama weee. Kauliza kwa upole babu yao kanenepa lini, na rozari shingoni kapewa na nani. Nikasema ni mwanga. Machozi yakamlenga. Anaitaka ile ya kale, mkononi, Alhamisi. Bila babu hawawashi taa hata moja. Nikasema inakauka.

Jumanne, 29 Oktoba
Nimeungama. Padre kasema niende leo hii nikamweleze mama wa watu ukweli. Nitakwenda, haki ya Mungu. Ila kwanza nijaribu kitu kimoja: karatasi kuukuu, niichovye kwenye chai ya rangi, na babu mwingine. Awe mwembamba, asiye na rozari.
Mabruki!
Ni kama ufagio yule. Sasa nimfungeje shuka bila kuniuliza maswali? Nijibu upesi, mwenzangu. Alhamisi ni keshokutwa.