Bandugu ba Henri

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 3 juin. Butembo.

Wivu imenikamata tangu asubuhi. Henri, rafiki yangu tangu primaire, mwenye kuuzisha rangi na misumari pembeni ya magasin yangu ya matelas, magodoro ya kulalia, alipokea mugeni toka Beni. Bwana moja, Jamali. Habakusalimiana kama batu. Jamali alimufinya kidole gumba mara tatu, pole pole. Henri naye mara tatu. Halafu akamuita "ndugu".

Ndugu! Miaka makumi tatu mimi ananiitaka Kahongya tu.

Nikasogea. Jua ilikuwa inawaka. Jamali akaniangalia vizuri, akamuambia Henri: "Mvua iko inanyesha." Bote wawili bakanyamaza. Nikaangalia juu. Hata wingu moja hakuna!

Siku ya pili, tarehe 4 juin.

Nimejua. Henri iko mu kundi ya siri: Bandugu ba Truelle, ile mwiko ya bafundi ba kujenga. Nilisikia Henri na Jamali banaongea yote, nikilala nyuma ya matelas, ukuta yetu ni ya mbao. Ukumbi yao banaiitaka hekalu. Glasi ni "canon", kinywaji ni "baruti". Siye wengine ni "batu ba inje". Na ile maneno ya mvua balisema tena, mara tu nilipokohoa. Donc njo neno ya kufungulia mulango! Mutu wa akili hapana hitaji mwalimu.

Florentine, bibi yangu, anasema batu ba kujificha banakulaka batu. Nikamujibu: banikule, lakini banialike kwanza.

Siku ya tatu, tarehe 5 juin.

Mazoezi ya salamu. Florentine aliuliza kama niko na bupele mu mukono. Père wa paroisse alirudisha mukono yake haraka, akauliza kama niko na kitu ya kuungama. Mama Hadjara alikuja kununua matelas ya batu wawili. Nikamufinya kidole. Alienda kununua kwingine. Haizuru.

Mchana Henri alianika glovu ku kamba. Nyeupe kama maziwa! Nikatema mate. Pembeni tu.

Siku ya posho, jumamosi, tarehe 8 juin. Beni.

Henri alitoka asubuhi na koti nyeusi, ati anaenda matanga. Muongo! Nikapanda camion Fuso ya Lukman, transporteur mwenye ananibebeaka matelas, tukamufuata. Joto ya Beni! Koti yangu ya ndoa ilinishika kama ngozi ya pili.

Hekalu ni nyumba moja nyuma ya depot ya kakao. Saa nane ya mchana. Ku mulango alisimama muzee moja, banamuitaka Éliakim, na upanga ya mbao. Akauliza mimi ni nani. Nikavuta pumzi, nikatamka kwa sauti: "Mvua iko inanyesha!"

Akanitazama toka kichwa mpaka viatu.

"Ndiyo, baba. Naiona."

Akafunga mulango. Ndani, kicheko. Mutu moja akalalamika kama leo ni mvua ya mawe.

Nirudi nyumbani? Jamais! Nikapanda magunia ya kakao mpaka ku dirisha. Niliona banaume makumi mbili na batabliye nyeupe ya kufunga ku kiuno, kamufuko kanapita mukono kwa mukono. Magunia ikateleza. Nikaingia, kichwa kwanza. Nikasimama, nikanyoosha kidole gumba. Hakuna mwenye alikipokea. Henri alifunika uso na glovu.

Siku ya yenga, jumapili, tarehe 9 juin. Butembo.

Henri alikuja kisha misa. Hakugusa chai.

"Mvua ni mutu wa inje akikaribia," akasema. "Kwetu ni kusema: tunyamaze. Ni wewe njo mvua, Kahongya."

Kumbe jana balikuwa banapiga kura juu ya ndugu mupya. Mu ile kamufuko, mbegu ya haragi nyeupe ni ndiyo, nyeusi ni hapana. Na jina ilikuwa yangu! Henri njo aliipeleka, iko miezi mbili. Hata Jamali alikuja kunitazama tu kama nafaa. Mpaka pale nilianguka mu dirisha, bote balikuwa tayari kunikubali. Kisha pale: nyeusi kumi na tisa. Nyeupe moja.

Nikauliza nani alitia ile moja.

"Mupumbafu," Henri akasema. Akajigonga kifua.

Nililia mbele yake bila haya. Ananiahidi kupeleka jina yangu tena mwaka kesho, kama mpaka pale naacha kuchungulia mambo ya batu. Nikaapa kwa kaburi ya mama.

Siku ya pili ya juma ingine, tarehe 11 juin.

Amani mu moyo. Wivu imekwisha kabisa. Nimekuwa mutu mupya.

Nilifika na Lukman mpaka ku Kirumba, kupeleka matelas kumi. Mu njia tukapishana na Fuso ingine. Ikawasha phare, taa zake za mbele, mara mbili. Lukman akawasha mara mbili. Nikauliza maana yake. Akasema ni salamu tu ya bashofere.

Salamu tu! Na alicheka. Anachekea nini? Juu ya nini mara mbili? Nani alibafundisha? Na miaka sita ananibebea matelas, hata siku moja hakuniambia!

Kesho, saa moja ya asubuhi, niko kando ya barabara ya Kirumba. Torche ya kuwasha mara mbili nimeshanunua. Ile kubwa.