Daraja Linalosikika

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, siku ya soko, kwamba kuanzia saa hiyo wakazi wa Kapsirgoi si wananchi tena. Wamepandishwa cheo kuwa Watazamaji. Tangazo lilitoka Idara ya Watazamaji, Taswira na Sauti. Lilieleza kwamba wananchi wana tabia mbaya ya kudai vitu, ilhali mtazamaji hukaa kwenye kiti akaangalia mbele.

Aliyelitunga ni Isaiah Chepyegon, Kaimu Mkurugenzi wa Idara, na msicheke, mtu huyu ni msomi. Alikuwa amehudhuria kozi ya nadharia za filamu katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, akarudi na cheti, mkoba na imani. Imani yenyewe ilikuwa Nadharia ya Sindano: ujumbe unadungwa, mtazamaji anaupokea, yamekwisha. Kilichomkosesha usingizi ni lile neno Kaimu. Lilikuwa limemganda kama kupe. Waziri alimwambia kinagaubaga kwamba siku Watazamaji wa Kapsirgoi watakapopiga makofi, atathibitishwa kuwa mkurugenzi kamili.

Sasa, Kapsirgoi ina mto. Asubuhi ni kijito tu, unakunja suruali unavuka. Lakini huku kwetu kwenye chai mvua haingoji msimu. Ikisikia watu wamemaliza kula mchana, inashuka. Mto ukijaa, lori la majani halivuki. Majani yanalala kwenye magunia, yanapata moto, yanageuka mekundu, na kiwandani hakuna wa kuyatazama mara mbili. Mama Rodah alikuwa amemwaga majani yake mtaroni mara nyingi hata ng'ombe wake wakazoea kulala juu yake. Mama huyo na wenzake walikuwa wanaomba daraja tangu watoto wao wakiwa wa kubebwa mgongoni, na watoto hao sasa wana watoto.

Basi Idara ikawajengea. Si kwa saruji, jamani. Saruji ni fikra za kizamani.

"Kitu kikiwakilishwa vizuri, hakina haja ya kuwepo," Isaiah aliiambia kamati. "Na kinachosikika bila kuonekana ni bora zaidi. Mtazamaji anakijenga mwenyewe kichwani."

"Na matengenezo?" mjumbe mmoja akauliza.

"Kila mtazamaji atatunza la kwake."

Kamati ilipitisha kwa kauli moja, ikaagiza chai na mandazi.

Filamu ikapigwa. Inaonyesha wachuma chai wakitabasamu huku wakitazama kando, nje ya picha. Kutoka huko kando kunasikika lori likivuka daraja: mbao zinatetemeka, maji yanacheka chini, honi inalia kwa furaha. Sauti hizo zilirekodiwa mbali sana, kwenye daraja la watu wengine, na Momanyi wa Chepilat, yule anayekodisha spika harusini na matangani. Daraja lenyewe halionekani hata ukucha. Isaiah aliitazama filamu yake akalengwalengwa na machozi.

Siku ya uzinduzi, Waziri alivuka kijito asubuhi kwa gari refu jeusi, maji hayakufika hata kwenye rimu. Ukumbi wa kanisa ulijaa. Isaiah akasimama kusoma Sera ya Makofi: makofi ya mtazamaji ni uthibitisho kwamba huduma imepokelewa, na yakisikika, faili ya ombi husika hufungwa milele.

Mama Rodah akainua mkono. "Afisa, tukipiga makofi, hiyo daraja inakuwa imejengwa?"

"Inakuwa imepokelewa, mama."

"Na tukikataa?"

"Mtazamaji hakatai," Isaiah akasema kwa upole. "Hiyo haiko kwenye nadharia."

Taa zikazimwa. Filamu ikaenda mpaka mwisho, lori likavuka, honi ikalia. Taa zikawashwa. Isaiah akapiga makofi peke yake kuonyesha mfano, kisha akaona aibu akajifanya anaua mbu.

"Rudisha hapo kwa lori," mzee mmoja akasema kutoka nyuma. "Hiyo si yetu. Yetu inakohoa."

"Na mimi niko na swali," akasema Valary, msichana wa kuchuma chai, amesimama na mikono kiunoni. "Huyo anacheka kwa picha ni mimi. Sikuwa naangalia daraja. Nilikuwa naangalia Momanyi, alikuwa amekuja na watu wa picha, akiteleza kwa mtaro na mashine yake."

"Ni kweli," Momanyi akakiri kutoka kando ya spika zake. "Hata goti bado linauma."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Isaiah alijaribu kueleza kwamba kicheko kikishaingia kwenye filamu si mali ya aliyecheka, ni mali ya Idara, lakini nani wa kumsikiliza? Sindano ilikuwa imegoma kuingia. Waziri akatazama saa yake, akamtazama Isaiah, na Isaiah akaliona lile neno Kaimu likimzeekea shingoni.

"Watazamaji wenye njaa hawapigi makofi," Waziri akaamua. "Tule kwanza. Mama, si mmetuandalia?"

"Chakula iko tayari, Mheshimiwa," Mama Rodah akasema. "Keti tu."

Akina mama wakaingia jikoni, nyuma ya ukuta wa mabati. Mara vifuniko vya sufuria vikaanza kugongana. Kisu kikakata mfupa kwa, kwa, kwa. Kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, kikatikiswa, kikatikiswa tena, maziwa yakasikika yakimiminwa. "Hapana, hiyo paja ni ya Waziri!" mmoja akafoka. "Ongeza mchuzi hapo!" Mama Rodah akatoka na birika na beseni, akamnawisha mgeni mikono. Waziri akachomeka kitambaa shingoni, akameza mate.

Wakangoja. Jikoni sahani ziligongana, watu wakatafuna na kusifu. Kisha Mama Rodah akarudi na birika lilelile, akamnawisha Waziri mikono ya baada ya kula.

"Kongoi, asanteni," akasema. "Mkaribie tena siku nyingine."

"Chakula kiko wapi?"

"Si mmesikia yote? Kila mgeni atajipakulia kwa kichwa."

Mama Rodah hakuwa anacheka. Kumnyima mgeni mursik ni fedheha huku kwetu, na fedheha hiyo ilimchoma. Lakini majani yaliyomwagwa mtaroni nayo yalikuwa yamemchoma, tena kwa miaka. Isaiah alitafuta kosa katika chakula kile, akalikosa. Utaratibu ulikuwa umefuatwa barabara.

Waziri akang'oa kitambaa, akatoka nje kwa hasira. Mvua ikampokea mlangoni. Ilikuwa imeshuka zamani, wakati yeye akisikiliza nyama. Gari refu jeusi likateremka mpaka mtoni na kusimama hapo, kwa sababu barabara ilikuwa imeisha. Maji mekundu yalikuwa yanabeba migomba.

"Daraja liko wapi?" Waziri akafoka, kwa mazoea tu.

Isaiah akajikinga mvua kwa mkoba wake, akautazama mto.

Waziri akapiga simu makao makuu. Ikapokewa na Nyanchoka, karani wa zamu, mwenye sauti tamu ya kusoma matangazo.

"Leteni trekta ituvute! Tumekwama Kapsirgoi!"

"Pole, Mheshimiwa. Trekta haitumwi mahali penye daraja. Taarifa iliyo hapa inasema ulivuka saa nane, ukawapungia watu mkono, wakapiga makofi, faili ikafungwa."

"Nani ameandika upuzi huo?"

"Umeisaini wewe jana."

Isaiah alishindwa kuficha fahari yake. Taarifa hiyo aliiandika mwenyewe, na ilikuwa na lugha nzuri.

"Basi ifute!"

"Inafutika," Nyanchoka akasema. "Ila kwa mujibu wa Sera, utamke kosa mbele ya Watazamaji, nao wathibitishe kwa makofi. Niko kwenye laini, nasikiliza."

Kwa hiyo Waziri alirudi kanisani akichuruzika maji, viatu vinalia chubwi, chubwi, akapewa kipaza sauti na Momanyi. Watazamaji walikuwa wangali kwenye viti vyao, wanaangalia mbele, kama walivyoelekezwa.

"Ndugu Watazamaji," akaanza. "Kutokana na changamoto za kimtazamo..."

Kimya.

"Daraja hilo liko katika hatua za awali za..."

Mahali fulani mtoto akapiga chafya.

"Sema vile sisi husema, Mheshimiwa," Mama Rodah akamsaidia.

Waziri akafumba macho. "Hakuna daraja," akasema.

Spika za Momanyi, ambazo zimezoea kuita watu matangani, zikalichukua neno hilo na kulirusha mpaka upande wa pili wa bonde. Makofi yakapasuka. Watu walipiga makofi, walipiga meza, walipiga mabati ya jikoni. Mama Rodah alipiga vigelegele huku machozi yanamtoka. "Sema tena!" wakadai, na Waziri wa serikali, na njaa yake, akasema tena. Hakuna daraja.

"Imethibitishwa," Nyanchoka akasema kwenye simu. "Faili ya daraja la Kapsirgoi imefunguliwa upya. Na tumesajili shahidi mmoja, ambaye ni wewe."

Isaiah alikuwa mtu wa kanuni. Makofi ni makofi. Akajifuta uso, akarekebisha tai, akamsogelea mkubwa wake.

"Mheshimiwa, Watazamaji wamepiga makofi. Kuhusu ule uthibitisho wangu..."

Waziri alikuwa amebana simu sikioni. "Na trekta?" akauliza. "Trekta iko wapi?"

"Ndiyo hiyo inakuja, Mheshimiwa. Sikiliza."

Kweli, simuni kukasikika trekta kubwa ikipanda mlima, ikibadilisha gia, ikikaribia, honi inalia kwa furaha. Waziri akaanza kutabasamu. Isaiah peke yake ndiye aliyeinamisha kichwa, maana mlio huo aliujua vizuri. Alikuwa ameuweka kwenye maktaba ya sauti ya Idara kwa mikono yake mwenyewe.