Wiki Mbili Bila Nyama

Jumanne, 20 Julai 1993

Kikao kiwandani. Wenye kiwanda wapya wanataka watu wachache. Stoo ya vipuri itabaki na mtu mmoja. Tuko wawili, mimi na Mwinjuma. Miaka kumi na miwili tumekalia benchi moja. Atakayechagua ni mhandisi mpya kutoka Sri Lanka, Bwana Sunil. Anatoa jibu mwanzoni mwa Agosti.

Mwinjuma anajua kila skrubu ilipo bila kufungua daftari. Mimi hata nikifungua sijui. Kwa njia ya kazi sishindi, lazima nitafute nyingine.

Nimefanya upelelezi. Asha, anayemfanyia Bwana Sunil usafi wa nyumba, anasema bosi wake ni wa dini ya Buddha. Alfajiri anakaa mkekani kafumba macho, hasemi kitu. Anaweka ua na glasi ya maji mbele ya sanamu ndogo. Mende hamuui. Anamfunika kwa kikombe, anamtoa nje. Nikauliza kuhusu nyama. Asha akasema hajawahi kuona hata mfupa jikoni mle.

Imetosha. Saa tisa nikamfuata Bwana Sunil ofisini, nikamwambia kwamba mimi nyama sijala tangu utotoni, roho yangu haitaki damu. Sikuulizwa. Akanitazama kwa upole, akasema vizuri, akarudi kwenye michoro yake. Nadhani nimemgusa.

Jumatano, 21 Julai

Nimetangaza nyumbani kwamba hapa nyama basi. Mke wangu Modesta akauliza nyama ipi, maana mara ya mwisho kuiona ilikuwa Pasaka. Nikaona aibu, nikaongeza dagaa. Hapo ndipo alipoacha kucheka. Akataka kujua ni daktari gani kasema. Nikamwambia ni mambo ya kiroho, asiulize sana. Tumekula matembele.

Ijumaa, 23 Julai

Siku ya tatu. Mchana Mwinjuma kafungua mfuko wake kama kawaida: mihogo na samaki wa kukaanga. Akanikatia nusu, kama anavyofanya siku zote. Bwana Sunil alikuwa mlangoni. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba kiumbe huyu naye alikuwa na mama yake. Mwinjuma akaniuliza kama nina homa.

Jioni nikaishiwa nguvu. Nikapitia kilabuni, nyuma kabisa, benchi linalotazama ukuta. Nusu kilo ya kiti moto, nguruwe wa kukaanga, na ndizi za kuchoma. Nimekula kama mtu anayefukuzwa. Nyumbani Modesta alinusa shati langu, akalitundika msumarini. Watoto walikuwa kwenye maharage. Neema, yule mdogo, akauliza kama akikua na yeye ataruhusiwa kwenda kwenye mambo ya kiroho yanayonukia vile.

Nimelala mapema na uso ukutani.

Jumapili, 25 Julai

Baada ya misa ya kwanza nikaenda kwa Bwana Sunil, njia ya Mazimbu, nikamwomba anifundishe kukaa. Akanitandikia mkeka. Akasema kazi ni moja tu, kuisikiliza pumzi ikiingia na kutoka. Dakika ya tano magoti yalikuwa yanawaka. Kuanzia dakika ya kumi sikumbuki. Asha anasema nilikoroma hadi mbwa wa jirani akaitikia.

Bwana Sunil hakunicheka. Akanipa fagio. Akasema wengine kukaa hakuwafai, wanaanza na kufagia uwanja, na hiyo nayo ni ibada kama mtu yumo ndani ya kazi yake. Nikafagia kwa nguvu ili aone bidii. Nikapitisha fagio katikati ya msafara wa sisimizi. Akanishika mkono taratibu, akaniomba nizunguke. Kisha akaniuliza nyumbani huwa nafanya nini kila siku kwa ajili ya roho yangu. Nikamjibu nasali kwa saa mbili nzima asubuhi na saa mbili nyingine jioni. Akatazama magoti yangu.

Jumanne, 27 Julai

Pigo! Mwinjuma alikuwa na hitma ya marehemu mama yake, akaalika kiwanda kizima. Sinia zikaletwa, pilau na nyama ya ng'ombe juu. Mimi nikajikunja pembeni na ndizi mbivu yangu, naonekana mtakatifu. Nikainua macho. Bwana Sunil ananawa mikono. Bwana Sunil anakula pilau. Bwana Sunil anatafuna nyama, na Mwinjuma anamsogezea kachumbari.

Nilimvizia wakati wa kuondoka, nikamuuliza imekuwaje. Akasema katika dini yake watu hawafanani. Mama yake mzazi haonji nyama kabisa, na wapo wengi kama yeye. Yeye mwenyewe haui, wala hamtumi mtu kuua, ila mwenyeji akipika kwa ajili ya watu wote na kumpa sahani, anapokea kwa shukrani. Halafu akaanza kueleza kwamba ipo nyama anayopokea na ipo asiyopokea, na kuna mambo matatu ya kuangalia.

Hayo matatu sikuyasubiri. La muhimu nilishalisikia: anakula. Nimeshinda njaa wiki nzima bure, na Mwinjuma kamlisha mbele yangu. Kwa pilau ya ng'ombe! Mimi nitamlisha kuku wa kienyeji. Nimemkaribisha kwangu Jumapili. Kakubali.

Jumamosi, 31 Julai

Mshahara bado. Nimepanda mlimani kwa Mama, juu ya Bigwa. Mama hakuwepo, alikuwa kwenye sala za jumuiya. Kuku wake kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, alikuwa anaparua chini ya migomba. Ni mnono, na mguuni ana kitambaa chekundu cha kanga kuukuu, maana kila mtu kule anafunga kitambaa chake ili kuku wasichanganyike.

Nilikusudia kumsubiri Mama nimwombe. Nikasubiri muda wa kutosha kidogo. Angekubali, najua, Mama hajawahi kuninyima kitu. Kwa kuwa angekubali, nikaona ni kama ameshakubali. Nimemtia kuku kikapuni, nikamfunika kwa majani ya maboga, nikashuka kwa njia ya nyuma. Mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja nimetembea nimeinama katika shamba nililozaliwa.

Jumapili, 1 Agosti

Sijui nianzie wapi. Naandika kwa sababu nikifumba macho naiona siku yote tena.

Bwana Sunil kafika saa saba, ana embe mbili mkononi za kumpa Modesta. Tukakaa. Modesta kaleta ugali, mchicha, na bakuli la kuku. Nikamtilia mgeni paja mwenyewe, na firigisi nikamwekea pembeni ya sahani, heshima kamili. Alikuwa ameshamega tonge. Ningenyamaza hapo ningekuwa mtu mwingine leo. Lakini kwetu mgeni lazima ajue amethaminiwa. Nikamwambia kuku huyu nimemfuata mlimani kwa miguu yangu, nimemchinja asubuhi kwa mkono wangu, kwa ajili yake yeye peke yake, hakuna mwingine.

Akarudisha mkono. Akasema samahani, hawezi kumla. Yale mambo matatu ndiyo haya: asiwe ameona mnyama akichinjwa kwa ajili yake, asiwe ameambiwa, asiwe na wasiwasi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Mimi nimemwambia kwa mdomo wangu. Akaomba mchicha zaidi, akamsifu Modesta kwa karanga alizotia. Kisha akaitazama sahani yangu, ambayo ilikuwa na mgongo na bawa. Nilikuwa nimesahau kwamba mimi sili nyama tangu utotoni.

Wakati huo Mama akaingia. Kateremka mlima mzima kwa hasira. Nikamwamkia, akaitikia harakaharaka, akaanza. Kuku wake kaibiwa jana. Mwizi anamjua, ni Bi Catherine, jirani yake tangu wakiwa wasichana, hakuna mwingine anayeweza kufika nyuma ya migomba ile. Asubuhi hii baada ya ibada kamwita mwizi mbele ya watu wote. Bi Catherine kajifunika kanga uso akaenda zake. Sasa Mama anataka barua kwa mjumbe, na anayejua kuandika vizuri ni mimi.

Nikachukua kalamu.

Naliandika hili ili lisinipotee. Nilichukua kalamu, nikaandika tarehe, nikaandika kwamba mimi Thobias naleta malalamiko kwa niaba ya mama yangu mzazi. Modesta akanitazama hadi kalamu ikasimama. Akasema polepole, Mama, nisamehe, mimi niliambiwa kuku umempa Thobias mwenyewe. Mama hakuelewa. Akageuka kuyafuata macho ya Modesta hadi jikoni, kwenye gogo nililochinjia. Kitambaa chekundu kilikuwa bado pale.

Akakiokota. Akakaa kwenye kigoda, akakizungusha kidoleni. Hakupiga kelele, na kelele ningezivumilia. Nikamwamkia upya, shikamoo Mama. Hakuitikia. Katika maisha yangu sijawahi kumwamkia Mama akaacha kuitikia. Akaondoka bila kunywa maji, na Bwana Sunil akamchukulia kikapu chake hadi barabarani.

Jumatatu, 2 Agosti

Bwana Sunil kaja kazini na shati jeupe na suruali nyeupe. Leo mwezi ni mpevu, kwao ni siku ya ibada. Kwao siku kama hii watu humkomboa ng'ombe aliyekuwa anapelekwa machinjioni, wakamwachia aishi. Akaniita.

Stoo kapewa Mwinjuma. Nikaanza kusema kuhusu nyama, akaninyamazisha kwa kiganja. Akasema hajawahi kuniuliza nakula nini. Alichokuwa anatafuta ni mtu ambaye akisema boliti zipo ishirini, zipo ishirini. Akasema ibada ya kila siku si kile kilichokosekana kwenye sahani, ni kuuchunga mdomo kwa vyote viwili, kinachoingia na kinachotoka. Ila kuna nafasi ya karani getini. Nipande mlimani kwanza, nimweleze yule bibi aliyeitwa mwizi ukweli, kisha nirudi tuzungumze. Kanipa ruhusa ya siku mbili.

Asha anasema nafasi ya getini Mwinjuma ndiye aliyeniombea. Nilimkuta anapanga makopo ya grisi, akanikatia nusu ya muhogo. Niliumeza bila kumtazama.

Jumanne, 3 Agosti

Nimepanda. Njia nzima nilikuwa nayakariri maneno: Bibi, ni mimi niliyemchukua yule kuku. Maneno sita tu. Nikafika kwa Bi Catherine na maneno yote sita yako mdomoni.

Alikuwa anachambua maharage. Nikaamkia, akaniitikia vizuri, akaniwekea kigoda. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, mama yako alikuja jana alfajiri. Kapiga magoti hapo uwanjani, watu wa jumuiya wanaona. Kasema kuku alinipa mimi, mwanawe, kwa mkono wake mwenyewe Ijumaa, akasahau, ndipo akamtukana jirani yake. Kasema ni uzee. Bi Catherine alikuwa anafuta machozi. Mwenzangu akili zinaanza kumtoka, akasema, na wewe ndiye mwanawe, umwangalie.

Mama anakumbuka jina la ubatizo la kila mtoto wa kijiji kile. Anakumbuka mvua ya mwaka niliozaliwa ilianza siku gani. Kajifanya mzee aliyepotewa na akili, mbele ya watu, ili mtu asiseme Thobias ni mwizi.

Ilikuwa ni kusema ukweli tu. Nikasema, ndiyo Bibi, siku hizi anasahausahau.

Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Nimeona aibu hadi masikio yakaziba. Bi Catherine akatikisa kichwa kwa huruma, akaingia bandani, akatoka na tetea mweupe. Akasema mpelekee mama yako, asikae bila mayai, asije akadhani nina kinyongo. Nikapokea kwa mikono miwili.

Jumatano, 4 Agosti

Leo nimeamka na akili safi. Kichwa kimetulia, labda ni ule mkeka.

Nimefikiri hivi. Bwana Sunil anataka kujua kama nimepanda mlimani. Nimepanda. Anataka kujua kama nimezungumza na bibi. Nimezungumza, tena kwa kirefu. Na huyu tetea, je? Nitampeleka kwake asubuhi hii akiwa hai. Nitamwambia nimekutana na mtu njiani anampeleka kuchinjwa, moyo ukaniuma, nikamkomboa. Tutamwachia pamoja uwanjani kwake, mimi na yeye. Mwinjuma na pilau yake hawezi kufika hapo. Nafasi ya getini ni yangu, na pengine hata stoo itafikiriwa upya.

Mama nitampelekea mwingine mwisho wa mwezi.

Nilimwona jana wakati nashuka. Alikuwa kwenye matuta yake ya kabichi kando ya njia, ameinama, mgongo umenielekea. Nilitaka kumwamkia. Lakini kuku alikuwa chini ya koti langu, angeweza kulia, kwa hiyo nikampita kimya.