Mke wa Bangoni

Tangu dunia iumbwe wanaume wametuhumiwa mengi, lakini Brashi ndiye wa kwanza kutuhumiwa kuweka nyumba ndogo ndani ya nyumba ambayo hata msingi wake haujachimbwa!

Na chanzo chake ni kioo cha kunyolea.

Brashi alikuwa mchora mabango. Ukiona kichwa kimechorwa ukutani kwa kinyozi, kichwa hicho kimepita mikononi mwake. Ukiona USIKOJOE HAPA yenye herufi nzuri kuliko za cheti chako cha ndoa, jua ni yeye. Ila ukitaka mgombane, mwite mchora mabango. "Mimi ni msanii," alikuwa akisema. "Mabango ni ajali tu iliyonipata."

Basi siku moja akajiwa na meneja wa kampuni, viatu vinang'aa hadi nzi wanateleza. Kampuni ilikuwa imeomba kibali cha kujenga nyumba mia tatu pembezoni mwa mji, kule bondeni kwenye bustani za mboga. Kibali kilikuwa bado. Meneja hakuona kwa nini bango lisubiri kibali.

"Nataka familia yenye furaha," akasema. "Baba, mama, watoto wawili, nyuma yao nyumba. Juu andika: MJI MPYA, HAMIA LEO."

"Leo? Mbona hakuna hata tofali?"

"Wewe chora. Kuhama ni shauri yao."

Watoto hawakumpa tabu, maana watoto wa mabango wote ni ndugu. Baba ndiye aliyemtoa jasho. Msanii huhitaji sura ya kuitazama, na sura pekee iliyokubali kukaa kimya asubuhi nzima bila kudai chai ilikuwa ile ya kwenye kioo chake cha kunyolea. Akajichora mwenyewe! Akajivika suti ya bluu, akajipunguza tumbo, akajirudishia nywele za mbele ambazo Mungu alishazichukua zamani.

Kwa upande wa mama, alimwita mkewe aje akae achorwe. Mama Pacha alikuwa fundi cherehani, na siku hiyo alikuwa na sare za shule arobaini zinamngoja.

"Nikae nichorwe? Na hizi pindo atakunja nani, wewe?"

Kwa hiyo Brashi akamtoa mama kichwani mwake. Alitoka na shingo ndefu, vishimo mashavuni, na meno thelathini na mawili yote yanaonekana.

Bango likasimamishwa Jumapili. Jumatatu Brashi alipoingia kwa kinyozi, kinyozi aliachia mkasi.

"Ala! Kumbe ule mji ni wako, mzee?"

Hapo palihitaji maneno matano tu: mimi nimechora tu, ndugu yangu. Ulimi ulishayafikisha kwenye meno. Lakini Brashi akamwona kinyozi anamwinua mteja mwenye povu nusu ya uso ili yeye akae, na maneno yote matano akayameza.

"Mambo ya miradi haya," akasema huku anakaa. "Tusiyapigie kelele."

Kusema tusiyapigie kelele kwa kinyozi ni sawa na kukodi kipaza sauti. Haikufika Ijumaa, mtaa mzima unamwita Mwenye Mji. Akaanza kutembea mikono nyuma. Akaanza kukohoa kabla ya kuongea. Akaanza kugawa nyumba! Muuza nyama aliomba ya kona, akapewa. Mwalimu mkuu aliomba iliyo mbali na watoto, akapewa. Fundi saa alipoomba ya ghorofani, Brashi alikuna kidevu. "Ghorofani kumejaa," akasema, "lakini kwako wewe nitaangalia." Alisahau kwamba yeye mwenyewe hakuchora ghorofa.

Huku nyuma wateja wakaanza kuingia kwa Mama Pacha bila kitambaa cha kushona.

"Pole, shoga yangu."

"Pole ya nini?"

"Ya yule wa bangoni. Tunasikia keshahamia. Jirani yangu kamwona anaanika nguo."

Mama Pacha alifunika cherehani, akaenda bondeni kwa miguu kujionea. Palikuwa na mboga, vigingi vya wapima na bango. Akalitazama mpaka shingo ikamuuma, akarudi nyumbani.

"Baba Pacha, nani yule?"

"Si mtu, mke wangu! Ni rangi tu."

"Rangi ina vishimo mashavuni?"

"Nilimtunga kichwani."

"Ndicho ninachouliza. Anafanya nini kichwani mwako?"

Swali halikuwa na mlango wa nyuma.

"Miaka kumi na minne," Mama Pacha akasema, maana jambo lilimuuma kweli, "hujanichora hata nyuma ya kiberiti. Leo mji mzima unanipa pole kwa ajili ya mwanamke mwenye shingo kama bomba! Sasa sikiliza. Alhamisi kuna mkutano wa wananchi kuhusu huo mji wenu. Utasimama mbele za watu useme wewe ni mchora mabango, mji si wako, na yule mwanamke hayupo. Ukikaa kimya, mimi na cherehani yangu tunahamia kwa kaka."

Brashi akaapa. Alimpenda mkewe, na alijua nyumba isiyo na mlio wa cherehani ile isingemlaza usingizi. Kusema mwanamke hayupo hakukumtisha hata kidogo. Kilichomtisha ni kusema mji si wake. Heri watu wamdhanie ana wake wawili kuliko wajue ana kazi moja!

Alhamisi watu wakajaa bondeni, chini ya bango lenyewe. Afisa wa mipango miji alikuja na gari, meza na mafaili. Meneja alileta salamu kwamba amepata safari. Brashi akainuka, macho kwa mkewe aliyekuwa nyuma kabisa na futi yake ya kupimia shingoni.

"Ndugu zangu, nina jambo moja dogo..."

"Mwenye Mji anaongea!" kinyozi akaruka. "Mpisheni!"

Makofi! Njia ikafunguka hadi meza kuu. Mtu akamsogezea kiti, tena si kile cha plastiki, ni kile chenye mto. Brashi akamtazama mkewe. Akautazama mto. Mto ukashinda.

"Kama mwenye mji," akausikia mdomo wake unasema, "nawakaribisheni nyote."

Wa kwanza kusimama alikuwa Shangazi, mkubwa wa akina mama wa zile bustani, sauti yake haijawahi kuhitaji spika.

"Maji ya nyumba mia tatu yatatoka wapi?"

"Bombani, Shangazi."

"Na bomba litayatoa wapi?"

"Bomba lina wataalamu wake."

"Na maji machafu?"

Brashi akalitupia bango jicho. Bango halikuwa na choo.

"Yatateremka," akasema.

"Yateremke wapi?"

"Chini."

"Chini ndiko ziliko bustani zetu!"

Kelele zikalipuka. Afisa akavua miwani, akaifuta taratibu, akatabasamu kama mtu aliyeokota kitu alichokitafuta sana.

"Nashukuru sana, mheshimiwa. Miezi mitatu tunamtafuta mhusika wa kampuni hii, na kila siku meneja yuko safarini. Gari la wapima limekanyaga bustani za hawa akina mama bila ruhusa. Bango hili halina kibali. Watu wameambiwa wahamie mahali ambapo hapajaruhusiwa hata choo. Sasa utie sahihi hapa kwamba mhusika ni wewe, kisha tuongozane kituoni ukatoe maelezo."

Kituoni! Mto wote ukageuka miiba.

"Jamani, mimi ni mchora mabango!"

Watu wakaangua kicheko.

"Kanichorea kichwa ukutani, kumbe ana mji! Matajiri wa kweli ndivyo walivyo," kinyozi akasema kwa heshima kubwa. "Hawapendi kujionyesha."

"Nimechora tu, ndugu zangu! Hata ile USIKOJOE HAPA ya sokoni ni mimi!"

"Mtu mzima anajitwisha mkojo wa sokoni ili akimbie mboga zetu!" Shangazi akasema.

"Juzi umenipa nyumba ya kona," muuza nyama akafoka, "leo mji huujui?"

Brashi akapanda juu ya kiti, mto na yote.

"Nina shahidi! Mke wangu yuko hapa! Mama Pacha! Waambie mimi ni nani!"

Watu wakageuka. Mama Pacha akaja polepole, anapishwa huku na huku, hadi mbele ya meza. Akamtazama mumewe juu hadi chini, kama anavyomtazama mteja aliyeleta kitambaa kifupi na kutaka kanzu.

"Mama," afisa akamuuliza, "unamfahamu bwana huyu?"

"Sura naifananisha," Mama Pacha akasema. "Lakini mimi fundi cherehani tu, wenye miji nitawajulia wapi? Mke wake si yule pale juu? Muulizeni."

Umati mzima ukainua macho. Brashi naye akainua yake, ya kuomba. Mwanamke wa bangoni akawatazama wote kwa meno yake thelathini na mawili. Afisa akasubiri kidogo kwa adabu, kisha akaenda kufungua mlango wa gari.